Alisema Mchana

Mkojo wa mtoto yule ulikuwa kama chai ya rangi iliyokolea majani, na bibi yake aliniambia hivyo mchana, saa nane, miguu yake ikiwa bado imelowa maji ya ziwa. Sikuandika. Faili lile ninaliona hadi leo nikifumba macho. Kwenye ukurasa wa kwanza, kwa mwandiko wangu mwenyewe, sehemu ya maelezo ya mgonjwa ina maneno matatu: homa, kutapika, degedege.

Ilikuwa Kigoma, masika ya mwaka 2008. Nilikuwa daktari kijana, mwaka wa pili tangu nimalize intanishipu, nimepangiwa wodi ya watoto katika hospitali iliyokaa mtelemkoni. Ukitoka barazani unaliona Ziwa Tanganyika lilivyotanda hadi kwenye milima ya Kongo. Masika ile vitanda havikutosha. Watoto walilala wawili wawili, mzungu wa nne, mama zao chini kwenye mikeka, na juu ya meza ya manesi rundo la majibu ya maabara lilikuwa likisema neno moja: malaria. Homa ilikuwa malaria, kutapika malaria, degedege malaria. Mara nyingi ilikuwa kweli, na hilo ndilo lililonizoesha vibaya.

Bibi na mjukuu walitoka Mwamgongo, kijiji cha wavuvi kilichobanwa kati ya ziwa na milima, kaskazini mwa Gombe. Wakati ule gari lilikuwa halifiki kule. Ulikuwa unapanda boti, unakaa juu ya magunia, unavumilia mawimbi hadi mwalo wa Kibirizi. Mama wa mtoto alikuwa amekwenda Kasulu msibani. Bibi alikuwa amembeba mgongoni binti wa miaka saba kama anavyobebwa mtoto wa mwaka mmoja, miguu ikining'inia hadi magotini pake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Huyu anavimba uso. Akiamka macho hayafunguki, jua likipanda yanafunguka. Mkojo wake ni chai ya rangi, tena kidogo, wa kulowesha kiganja tu. Na kichwa kinamuuma tangu juzi."

"Homa ilianza lini?"

"Homa si kubwa. Mkojo ndio…"

"Degedege ameshikwa mara ngapi?"

Akanitazama kidogo kabla ya kujibu. "Mara moja. Ndani ya boti."

Nyuma yake foleni ilikuwa imefika mlangoni. Nikavuta kope la chini, ndani palikuwa peupe kiasi, nikasema moyoni: safura, damu imepungua, ndiyo maana uso umevimba. Maabara wakarudisha jibu: malaria mbili. Nikaandika kwinini ndani ya dripu ya dekstrosi, nikamgeukia anayefuata.

Niliyoyajua baadaye nitayasema hapa, maana bila hayo usiku ule hautaeleweka. Katika sehemu zenye malaria nyingi kama pwani ile ya ziwa, mtoto anaweza kuwa na wadudu wa malaria kwenye damu na bado kinachomuua kikawa kingine kabisa. Mwaka 2004 watafiti wa Blantyre, Malawi, walitangaza matokeo ya uchunguzi wa miili ya watoto 31 waliofariki huku madaktari wakiwa wameridhika kwamba ni malaria ya ubongo. Saba kati yao ubongo wao haukuwa na malaria ile. Walikufa kwa sababu nyingine. Makala ile ilikuwa na miaka minne tayari siku ninamlaza binti wa Mwamgongo, nami sikuwa nimeisoma. Slaidi yenye wadudu ilinitosha.

Saa mbili usiku akashikwa tena na degedege. Macho yaligeukia upande mmoja, taya zikakaza, mkono wa kulia ukaanza kuruka kisha mwili wote. Nesi akampa diazepamu, ikatulia. Tukapima sukari kwa tone la kidole, ilikuwa nzuri. Nikaisogeza klempu ya dripu iende haraka kidogo ili dawa ikamilike. Saa nne ikarudi. Saa sita kasoro ikarudi mara ya tatu, na safari hii haikutaka kuacha, na umeme ukakatika. Mji ulikuwa unaendeshwa kwa majenereta ya dizeli na giza tulilizoea, chemli zilikaa tayari dirishani. Ila diazepamu ya wodi ilikuwa imekwisha.

Nikakimbilia leba kuazima. Zamu ilikuwa na mkunga mmoja mtu mzima, mwanamke aliyezalisha nusu ya watoto niliokuwa nikiwatibu. Hakunipa ampuli nikaondoka nayo. Aliishika mwenyewe, akachukua na trei yake, akanifuata.

Alipofika kitandani, tukamchoma mtoto dawa, mwili ukalegea, akainua chemli na kumulika uso ule. Akabonyeza kwa kidole gumba mfupa wa mbele wa mguu, akaondoa kidole, akatazama kishimo kilichobaki. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, sauti ambayo mtu mzima humwuliza mdogo asiyetaka kumwaibisha:

"Daktari, umempima presha?"

"Presha, Sista? Ana miaka saba."

"Mimi kule kwangu, mama akishikwa na degedege naye amevimba, kabla sijauliza jina lake nimeshamfunga mkanda wa presha."

Kifafa cha mimba. Alikuwa anamtazama mtoto wa miaka saba na kuona kitu anachokiona kila wiki kwa mama wajawazito: uvimbe, kichwa kuuma, degedege. Mimi niliyesoma miaka mitano, na mwaka wa intanishipu juu yake, nilikuwa natazama karatasi ya maabara.

Mkanda tuliokuwa nao ulikuwa wa watu wazima. Ulizunguka mkono ule mwembamba karibu mara mbili, ukafunika kutoka kwapani hadi kwenye kiwiko, nikakosa hata pa kuweka stethoskopu. Ikabidi niukunje pembeni kwa vidole. Nikajaza upepo. Nikaachia polepole, zebaki ikashuka, na nikasikia mapigo mahali ambapo kwa mtoto hapapaswi kuwa na sauti yoyote. 170 kwa 120. Nikarudia. Nikarudia tena. Mtoto wa umri ule presha yake ya juu huzunguka kwenye 100, na ikivuka 115 hivi tunaanza kuuliza maswali. Tena mkanda mkubwa kuliko mkono hudanganya kwa kushusha namba. Kama mkanda ule ulikuwa unasoma 170, basi presha ya kweli ilikuwa juu zaidi.

Mkunga hakusema neno. Alinyoosha mkono akafunga dripu.

Kilichokuwa kimetokea kinaelezeka kwa maneno machache, na kila mzazi wa Kigoma angestahili kuelezwa. Wiki kadhaa nyuma mtoto alikuwa na upele. Upele unawasha, mtoto anajikuna, ngozi inachubuka, bakteria wanaoitwa streptokoki wanaingia na vidonda vinatunga usaha. Kinga ya mwili inapambana nao na inashinda, vidonda vinakauka, watu wanasahau. Ila mabaki ya mapambano yale husafiri kwenye damu na kunasa katika vichujio vya figo. Kila figo lina vichujio vidogo vipatavyo milioni moja, na vikivimba vyote kwa pamoja, damu inavuja kwenye mkojo na kuupa ile rangi ya chai, huku maji na chumvi vikishindwa kutoka. Uso unavimba asubuhi kwa sababu mtoto amelala usiku kucha. Akisimama, maji yanateremkia miguuni. Presha inapanda. Ikipanda kwa kasi ubongo unaanza kuvimba, na hapo ndipo degedege inapoanzia. Nami juu ya mwili uliokuwa umejaa maji nilikuwa nimetundika maji mengine, na tangu saa mbili usiku nilikuwa nimeyaongeza kasi.

Dawa iliyomwokoa ilitoka leba. Hidralazini hukaa kule kwa ajili ya kifafa cha mimba. Sisi wodi ya watoto hatukuwa nayo na hatukujua kuiomba. Ni unga katika kichupa cha miligramu 20. Mkunga akauyeyusha na kuongeza maji ya sindano hadi mililita 20, ili kila mililita iwe na miligramu moja na tusikosee gizani. Mtoto alikuwa na kilo 21. Tukaanza na mililita mbili, nikisukuma taratibu huku yeye akihesabu dakika kwenye saa aliyoibana kifuani. Presha ya namna ile haishushwi kwa pupa. Ubongo unakuwa umeshaizoea, ukiiporomosha ghafla unaunyima damu. Ndani ya saa nane za mwanzo isishuke zaidi ya robo. Hilo nalo alilijua yeye kabla yangu, kwa kuwashushia mama zake. Tukampa na furosemaidi ya kukojoza, miligramu 20 kwenye mshipa. Kwinini tukaihamishia kwenye sindano ya paja, maji yasiingie tena.

Kisha tukakaa kusubiri mkojo.

Sijawahi kusubiri kitu kama nilivyosubiri mkojo ule. Mpira wa mkojo wa saizi yake haukuwepo, kwa hiyo bibi alipewa kopo la plastiki na chupa tupu ya maji ya lita moja, chupa ambayo niliichora mistari ya mililita kwa kalamu, nikipima kwa bomba la sindano. Alikaa juu ya mkeka, mgongo kwenye ukuta, kopo mapajani. Saa nane usiku hakuna. Saa nane na nusu hakuna. Nikapiga magoti karibu naye.

"Bibi, huyu mtoto alikuwa na upele?"

"Wote nyumbani walikuwa nao. Yeye vilitunga usaha miguuni na makalioni. Vikapona mwezi uliopita." Akanyamaza. Halafu akasema bila hasira, na ingekuwa afadhali kwangu angekasirika: "Mkojo nilisema, mwanangu. Nilisema mchana."

"Ulisema, bibi. Sikukusikiliza. Nisamehe."

Hakujibu. Alirekebisha khanga juu ya miguu ya mtoto, na mimi nikaleta chemli karibu nikatazama miguu ile kwa mara ya kwanza. Makovu yalikuwepo, duara ndogo ndogo nyeusi za ukubwa wa shilingi, kutoka magotini hadi kwenye vifundo vya miguu. Yalikuwa pale tangu saa nane mchana.

Saa tisa hivi mtoto aliamka. Akapapasa pembeni yake, akasema kwa sauti iliyokauka, "Bibi, mbona hamjawasha taa?"

Chemli ilikuwa imeshikwa hatua moja kutoka usoni pake.

Bibi akaingiza vidole kinywani. Mimi nikachukua tochi na kummulika jicho moja, halafu la pili. Mboni zilisinyaa haraka, zote mbili, kama zinavyotakiwa. Macho yalikuwa yanaiona tochi ila mtoto haioni. Leo ningejua mara moja maana yake: jicho ni zima, mshipa wake ni mzima, kilichovimba ni sehemu ya nyuma ya ubongo, pale panaposoma picha, na presha ikitulia kwa kawaida kuona hurudi. Usiku ule sikujua. Nilidhani nimempofusha. Nilitoka barazani nikasimama gizani, na nitasema wazi kwamba nililia, halafu nikarudi ndani kupima presha kwa sababu ilikuwa imefika dakika ya kumi na tano.

Saa kumi bibi akaniita. Ndani ya kopo kulikuwa na mkojo. Tukaumimina kwenye chupa: mililita 60, rangi ya kahawa. Hadi saa kumi na moja alfajiri chupa ilikuwa imefika mstari wa 350 na presha ilikuwa 145 kwa 95. Mkunga alikuwa amesharudi leba kuzalisha. Alipita mara mbili kuchungulia kabla zamu haijaisha. Mara ya pili aliuinua ule mkojo kwenye mwanga wa asubuhi, akautikisa, akasema, "Figo zinaamka."

Asubuhi ile vijiti vya kupimia mkojo maabara vilikuwa vimekwisha, na mtaalamu wa maabara, mzee aliyekaribia kustaafu, akanionyesha kipimo alichofundishwa ujanani. Alijaza tyubu ya kioo robo tatu kwa mkojo, akaishika chini kwa kibanio, akauchemsha sehemu ya juu tu kwenye taa ya spiriti. Chini ukabaki kama ulivyo. Juu ukaanza kufifia, ukawa wingu, kisha ukaganda kama ute wa yai unaoanza kuiva. Akadondosha matone matatu ya asidi ya siki. Wingu halikuondoka. "Hiyo ni protini," akasema. "Ingekuwa chumvichumvi ingeyeyuka." Kipimo hicho ni cha zamani sana. Daktari Richard Bright wa hospitali ya Guy's, London, alikuwa akichemsha mkojo wa wagonjwa wake kwenye kijiko juu ya mshumaa, na ni yeye aliyeandika mwaka 1827 kwamba kuvimba mwili, mkojo unaoganda kwa moto, na figo zilizoharibika ni habari moja. Nilikuwa nimelijua jina lake kwa ajili ya mtihani. Siku ile ndipo nilipoelewa alikuwa ameona nini.

Chini ya darubini chembe nyekundu zilikuwa zimejipanga katika vijibomba virefu, umbo la mirija ya figo zilikotokea. Nilitazama hadi mzee akaniuliza kama kuna mwingine anaweza kutumia darubini.

Siku ya kwanza ikapita hajaona. Siku ya pili nayo. Presha ilikuwa inashuka, uvimbe unashuka, anakula uji usio na chumvi huku bibi akimwelekezea kijiko kinywani. Nilikwepa kumtazama bibi usoni. Jioni ya siku ya tatu nilikuwa barazani nikiandika, wao wameketi kwenye ngazi kupunga upepo. Ulikuwa wakati wa giza, mwezi bado, na wakati wa giza ndio wa dagaa: siku zile wavuvi waliingia ziwani na karabai zao, na kuanzia saa moja usiku ziwa liliwaka taa toka Kibirizi hadi macho yanapokoma, kana kwamba kuna mji mwingine juu ya maji. Kwa mtoto wa Mwamgongo hilo halina ajabu. Baba yake yumo mle.

Akasema, "Bibi, leo wako wengi."

Bibi akauliza, "Nani?"

"Wa karabai. Wale pale."

Na akanyoosha kidole.

Bibi alimkamata ule mkono uliokuwa umenyooka akaushika kwa mikono yake yote miwili, akasema maneno ya Kiha ambayo sikuyaelewa, akiyarudia rudia. Mimi niliweka kalamu chini. Nilimwomba mtoto anihesabie zile za karibu. Akafika tisa, akachoka, akataka kulala.

Aliruhusiwa baada ya wiki mbili akiwa na kilo 18 na nusu. Mbili na nusu zilizoondoka zilikuwa maji matupu. Alikwenda na dawa ya presha ya siku chache, alikuwa amechomwa benzathini penisilini kuwamaliza streptokoki waliobaki, na bibi alipewa dawa ya kupaka ya upele ya kutosha nyumba nzima. Hilo nililisisitiza hadi akacheka: wote wapake, siku moja, shingo hadi nyayo, hata asiyewashwa, na nguo na mashuka yaanikwe juani, kwa sababu ukimtibu mmoja, wengine watamrudishia.

Wiki hiyohiyo nilinunua kauntabuku ya kwaya mbili pale Mwanga sokoni nikaipigia mistari kwa rula. Kila mtoto aliyeingia wodini amevimba au ameshikwa na degedege nilimwandika: umri, uzito, presha, rangi ya mkojo, protini, makovu ya ngozi. Safu ya mwisho, pana kuliko zote, niliiandika kichwa cha habari: Maneno ya aliyemleta. Sikujua kama huo ni utafiti. Nilitaka tu nisipitwe tena. Kwenye kurasa za mwanzo nikaanza kuona makundi mawili ambayo zamani niliyaita yote safura. Wapo wa chai ya rangi, wenye presha juu, ambao wengi wao ukiwavusha salama wiki za mwanzo figo zao hupona zenyewe. Na wapo ambao mkojo wao ni mweupe ila unatoa povu kama la sabuni, wanavimba hadi tumbo na sehemu za siri. Hao wanapoteza protini kwa wingi na wanahitaji prednisoloni kila siku kwa wiki nne hadi sita, si kusubiri. Kuwachanganya ni hatari, na nilikuwa nimewachanganya mwaka mzima.

Daftari lile ndilo lililonipeleka Muhimbili kusomea watoto, na baadaye Cape Town kusomea figo za watoto. Kule maktaba nilikutana na Trinidad, kisiwa ambacho katika miaka ya 1960 na 1970 kilipata milipuko ya ugonjwa huuhuu, watoto wenye upele kwanza, kisha mkojo wa damu. Nilikutana na makadirio yaliyochapishwa mwaka 2005: zaidi ya watu 470,000 duniani huupata kila mwaka na kama 5,000 hufa, na asilimia 97 ya wagonjwa ni wa nchi maskini. Nilisoma namba zile nikamwona binti mmoja juu ya mgongo wa bibi yake. Watu huniuliza kwa nini nimetumia maisha yangu kwenye ugonjwa ambao wengi hupona. Kwa sababu hiyohiyo. Huyu ni mtoto ambaye figo lake litapona, na anaweza kufa kwa kukosa mkanda wa presha wa saizi yake.

Kuna jambo jingine ambalo usiku ule sikuthubutu kuliwaza hadi mwisho. Kama figo zisingeamka, hatukuwa na la kufanya. Mashine ya kusafisha damu ilikuwa Dar es Salaam, zaidi ya kilometa 1,200 kwa treni. Mwaka uliofuata, 2009, wenzetu wa hospitali ya KCMC, Moshi, walianza kusafisha damu kupitia tumbo kwa wagonjwa ambao figo zao zimesimama ghafla, njia isiyohitaji umeme wala mashine: unaingiza maji maalumu tumboni kwa mpira, yanakaa, yanavuta uchafu, unayatoa. Na maji yenyewe yakikosekana, lita moja ya maji ya dripu yaitwayo Ringer laktati ukiongeza mililita 30 za glukosi ya asilimia 50 inafanya kazi. Mpango wa kimataifa wa Saving Young Lives, ulioanza mwaka 2012, ukaisambaza njia hiyo katika nchi nyingi za Afrika. Nikiwafundisha madaktari vijana kazi hii huwa nawapa kwanza chupa tupu ya lita moja na kalamu, waichore mistari.

Lakini hayo yalikuwa mbele bado. Mwezi wa saba, kiangazi kimeingia na vumbi jekundu, bibi alirudi kwa tarehe niliyompa. Safari hii mtoto alitembea mwenyewe. Nilikuwa na mkanda mdogo, niliomwagiza mwenzangu aliyekwenda Dar es Salaam. Niliuzungusha mkono ule, ukakaa sawasawa, sehemu ya stethoskopu ikabaki wazi. 98 kwa 60. Mtoto alitaka kuubonyeza mpira wa upepo mwenyewe, nikamwachia.

Bibi aliweka mezani dagaa wakavu waliofungwa kwenye gazeti na chupa ya mawese. Kisha akatoa ndani ya khanga chupa nyingine, ya kioo, iliyokuwa ya jemu, akaifuta, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha.

"Wa asubuhi ya leo," akasema. "Ni maji, mwanangu. Tazama."

Nilitazama. Nikachukua ile chupa, nikamwomba bibi anifuate, tukaenda maabara sote watatu. Mzee akanipisha kwenye taa ya spiriti. Niliuchemsha juu ya tyubu hadi ukatokota na kurusha matone, bibi amesimama begani kwangu, mtoto ameshika ukingo wa meza kwa vidole akichungulia. Haukuganda. Nikadondosha asidi, tone moja, la pili, la tatu. Ukabaki kama ulivyo.

Niliporudi wodini nilifungua kauntabuku kwenye jina lake. Safu ya mwisho nilikuwa nimeiacha wazi tangu masika. Nikamwomba bibi aanze upya, tangu siku ya kwanza alipouona uso umevimba, naye akavuta kiti akakaa.